Gunia la Chatu

Kwa karibu mwaka mzima wa ujana wangu niliamini, tena kwa akili yangu yote, kwamba Nyangeta, mcheza shoo wa bendi yetu, hakuwa na mifupa kiunoni kwa sababu alikuwa amemezwa na chatu. Habari yenyewe naitoa kama nilivyoipokea. Akiwa msichana wa miaka minane alikwenda kuchota maji kwenye majabali ya nyuma ya Buswahili. Chatu mwenye urefu wa kutoka posta ya Musoma hadi sokoni Mwigobero akammeza pamoja na ndoo yake, akakaa naye tumboni siku tatu, na mvua ya kwanza ilipopiga akamtapika mzima, amelainika kuanzia mbavu hadi mapaja kama muhogo uliochemka. Ndoo hakuirudisha. Hilo la ndoo ndilo lililonimaliza kabisa, maana nilijiambia kwamba mtu anayetunga uongo hawezi kukumbuka ndoo. Nililipigania jambo hili hadharani. Mchuuzi mmoja wa dagaa pale Mwigobero alipothubutu kucheka, tulishikana mashati mbele ya soko zima, nikapoteza jino moja la pembeni, ingawa nilimwacha yeye amechoka sana. Hata shule ya jioni, ambako nilikuwa nikisoma baada ya kazi kwa taa ya karabai pamoja na mapolisi na akina mama wa ushirika, nilinyoosha mkono katika kipindi cha baiolojia nikamuuliza mwalimu kama mate ya chatu yanaweza kuyeyusha mifupa ya mtu bila kumuua. Mwalimu alinitazama, akatazama dirishani, akasema, "Hilo haliji kwenye mtihani, Majura." Nilidhani hajui. Alikuwa mwenyeji wa upande wa Butiama, na leo naamini alijua kuliko sisi wote darasani.

Mimi ni mtu wa vicheko, kila anifahamuye atakuambia, na nikisimulia kikombe cha chai kinaweza kuwa pipa. Lakini sura hii naiandika nimebana meno yaliyobaki. Mwezi uliopita tulimzika Nyangeta huko Guta, Bunda, alikokuwa akilima pamba na mihogo tangu alipoacha jukwaa. Turubai lilikuwa zuri, watu walikuwa wengi, na akasimama kijana mwenye suti na maikrofoni kusoma historia fupi ya marehemu. Akasoma kuzaliwa, akasoma ubatizo, halafu akasoma bila kupepesa macho kwamba marehemu akiwa na umri wa miaka minane alimezwa na chatu, akatapikwa kwa neema za Mungu, ndipo alipopata kipaji cha kucheza. Watu wakacheka kile kicheko laini cha msibani. Mchungaji akatabasamu, akasema hata Yona. Nilikuwa na wali mdomoni na hasira kooni, na vitu hivyo viwili haviwezi kupita pamoja. Baada ya kuzika, binti yake, Neema, alinifuata nyuma ya nyumba akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, wewe unajua. Ungesimama ungesema." Nikamwambia sikuweza kusimama kwa kuwa ningempiga kijana wa watu na maikrofoni yake. Akasema basi andika. Ndiyo maana naandika, na wazazi wangu, ukoo wangu na shamba la babu yangu vitasubiri sura nyingine, kama ipo.

Ulikuwa mwaka ambao mitumba iliruhusiwa. Asiyeishi miaka iliyotangulia hawezi kuelewa maneno hayo yana uzito gani. Tulikuwa tumefulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, tumekunywa chai ya chumvi, na sukari ilikuwa kitu cha kusimuliwa na watu waliofika Kenya. Mimi nilikuwa fundi cherehani, na kitambaa kilikuwa hakuna, kwa hiyo nilishona suruali kwa mifuko ya unga wa msaada. Kuna mwalimu aliyetembea Musoma mwaka mzima akiwa ameandikwa makalioni, kwa Kiingereza, kwamba haruhusiwi kuuzwa. Halafu siku moja robota la kwanza la mitumba likakatwa kamba pale sokoni, likavimba kama ugali unaochemka, na ndani yake zikatoka nguo za watu wa nchi za baridi: makoti ya manyoya, soksi za mtu mwenye mguu mmoja, na mapazia. Mapazia mengi sana. Nadhani Ulaya yote ilibaki uchi madirishani mwaka ule. Kwa mapazia yale nikapata kazi niliyokuwa nikiitamani, ya kushona sare za bendi.

Bendi iliitwa Orkesta Furu. Kiongozi wake, Masatu, mpiga gitaa aliyekuwa na ndevu nzuri na roho mbaya, aliipa jina la wale samaki wadogo wa ziwani akisema furu ni wengi na hawaishi kamwe. Hakujua kwamba sangara walikuwa tayari wamekwisha kuingia na kuwala. Tulikaa Nyakato, hapo hapo Musoma, katika nyumba ya vyumba sita kuzunguka ua. Chumba cha kwanza kililala vyombo, maana Masatu alisema spika zikipata mafua hakuna wa kuzitibu. Viwili walilala wapigaji, kimoja wasichana wa shoo, kimoja Masatu mwenyewe, na cha mwisho, karibu na lango, kilikuwa changu na cherehani yangu. Jikoni alitawala Mama Bhoke, mjane mwenye nyumba, ambaye alitupikia ugali wa muhogo mweusi uliokuwa mgumu kiasi kwamba ukiuangusha unachimba sakafu. Mboga ilikuwa furu, na furu walipoanza kuadimika ikawa mapanki ya sangara, yaani kichwa, mgongo, na kumbukumbu ya nyama. Mama Bhoke alikuwa akisema, "Nyie mnakulaga kama mnahamishwa kesho." Kila mara aliposema neno hilo la kuhamishwa, Nyangeta aliacha kula. Niliona, na sikuuliza.

Alikuja mwenyewe, bila kuletwa na mtu, mwezi mmoja baada yangu. Alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa ametoka Bunda, alikokuwa akifua nguo za wageni katika gesti moja, na habari za chatu zilikuwa zimemtangulia kwa kinywa cha mpiga besi wetu ambaye shangazi yake aliolewa kule kwao, nyuma ya Buswahili. Aliingia langoni akitembea upande, bega moja chini, kama mtu aliyebeba mtungi usioonekana. Masatu akamwambia hapa hatutaki mfuaji. Akajibu kwamba hakuja kufua. Wapigaji wakacheka, mpiga tumba akapiga mapigo mawili ya dhihaka, na Nyangeta akayashika mapigo yale yale ya dhihaka akaanza kuyacheza. Nimeona wacheza shoo wa Mwanza, wa Dar es Salaam na wa Kisumu, nami sijaona tena kitu kile. Upande wake wa kulia ulichelewa kidogo, ukaja baada ya ngoma, kama mtu anayejibu baada ya kufikiri, na ule wa kushoto ukamngoja. Mpiga tumba aliacha dhihaka. Mama Bhoke akatoka jikoni na mwiko wake, ugali ukaungua, na huo ndio ugali pekee ulioungua katika nyumba ile bila mtu kutukanwa.

Sasa lazima nieleze jambo moja kuhusu watu wa upande ule, kwa sababu bila hilo uongo huu usingeweza kuishi hata wiki. Kwao chatu akiingia nyumbani hapigwi. Anawekewa maziwa, anaachwa aondoke kwa hiari yake, maana anahesabiwa kuwa mgeni wa mvua. Na mtu aliyeguswa na chatu haulizwi habari zake. Kumuuliza ni kuifukuza mvua. Unaona basi jinsi mtego ulivyokuwa safi: binti yule aliheshimiwa na kila mtu, wanawake walimletea maziwa hata pale Nyakato, hakuna aliyemruhusu kuchota maji kisimani, wala hakuna aliyemposa, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu hata mmoja aliyemuuliza kilimpata nini. Heshima ile ilikuwa kufuli. Kila nikiikumbuka nataka kuvunja kitu.

Na dalili zilikuwa mbele ya macho yetu. Hakuweza kulala katika chumba cha wasichana kwa sababu kilikuwa mbali na lango, akawa analala uani. Hakuweza kukaa chini ya turubai la jukwaa kabla halijafungwa vizuri. Zaidi ya yote, hakuweza kusikia wanaume wakivuta kitu kwa kamba. Wapigaji wetu walipokuwa wakishusha nguzo za jukwaa, wakiitikiana "hayaa, vuta, hayaa, vuta," Nyangeta alikimbia mpaka barabarani, na mara moja tulimkuta karibu na ziwa, amekaa juu ya jiwe, anatetemeka jua likiwa kali. Wenzangu walisema ni chatu anakumbuka mawindo yake. Mimi, mwenye elimu, niliongezea kwamba chatu hubana kwa kujiviringisha kama kamba, kwa hiyo ni jambo la kisayansi.

Lakini yeye alikuwa na mpango wake, wala hakumwambia mtu isipokuwa kwa vitendo. Alitaka kuwa mcheza shoo wa mbele, yule anayeingia peke yake na kuitwa kwa jina, na alijua hawezi kuwa hivyo kama anakimbia kila kamba ikivutwa. Siku moja akaingia chumbani kwangu mchana akasema, "Kaka Majura, funga mlango. Wewe shona tu, niwe nasikia cherehani." Nikafunga. Alikaa muda wa kushona kola moja, akatoka mbio. Kesho yake akarudi, akakaa kola na mfuko. Ikawa desturi yetu. Nilishona, yeye akakaa ukutani jasho likimtoka kama anayepandisha mlima Balili na gunia, na polepole akafika suruali nzima, halafu kanzu ya padri, ambayo ina vifungo vingi sana. Kisha akaanza kuwafuata wanaume wakivuta nguzo. Alisimama mbali, halafu karibu, halafu ikafika siku aliyoshika mwisho wa kamba akavuta nao, midomo imemkauka, na nguzo iliposimama akaenda kutapika nyuma ya jiko. Mama Bhoke alimshika paji la uso akasema tu, "Tapika mwanangu, itoke." Hata yeye hakuuliza.

Hapo ndipo Masatu alipopata wazo lake. Bendi ilikuwa imealikwa kijiji kimoja nyuma ya Buswahili, ambacho sitakitaja kwa kuwa wajukuu wapo na hawana kosa. Mtu aitwaye Matiku alikuwa anafungua ukumbi na baa, wa kwanza kule, akataka bugi, yaani dansi la Jumapili mchana, na akaagiza waziwazi kwamba aletewe Binti wa Chatu aliyezaliwa pale pale. Masatu akaniita nimshonee gunia refu la mapazia ya kijani na kahawia, lenye madoa, lenye kichwa na macho ya vifungo vya koti. Nyangeta angewekwa ndani, wapigaji wangelivuta gunia kwa kamba kutoka mlangoni hadi jukwaani, na pale angetapikwa. Nakiri lilikuwa gunia zuri sana. Ng'ombe wa jirani aliliona limeanikwa akavunja zizi. Nyangeta alipoliona alikwenda moja kwa moja kwa Masatu. Ukuta wa nyumba ile ulikuwa wa tope, na tope halifichi maneno, kwa hiyo ua mzima tulisikia. Alisema ataingia kwa miguu yake na ataitwa kwa jina lake. Masatu alicheka, akamwambia watu hawaji kumwona Nyangeta, wanakuja kumwona chatu. Halafu akasema maneno ambayo yamekaa masikioni mwangu hadi leo: "Bila chatu, wewe ni kiwete anayecheza. Utaingia kwenye gunia, au Jumatatu utarudi kufua mashuka Bunda."

Hakulia. Alikuja kwangu, akafunga mlango mwenyewe bila kuambiwa, akatoa pazia la rangi ya dhahabu alilolinunua kwa mshahara wake wote. Akasema nimshonee gauni, na upande wa kulia liwe limebana. Nilimshauri, kama fundi, kwamba upande ule ndio wa kuficha kwa kitambaa cha kupwaya. Akasema, "Hapa usifiche." Nikachukua tepu kupima, na mkono wangu ukagusa mfupa. Mfupa hasa, mgumu, umetokeza mahali ambapo haukupaswa kutokeza. Unadhani nilifumbuka macho? Nilijiambia kwamba huu ndio mmoja ambao chatu aliusahau. Nikamuuliza kwa upole, huku nikiogopa kuifukuza mvua, kama hapa ndipo alipobanwa. Akainua mkono nipate nafasi. "Pima, fundi," akasema.

Tuliondoka Jumapili asubuhi kwa lori, tukapita Butiama watu wakitoka misa ya kwanza, tukafika kule jua likiwa utosini. Matiku alitupokea kama waziri. Alikuwa mtu mnene mwenye saa mbili, moja kila mkono, na ukumbi wake ulikuwa na mabati mapya yaliyong'aa hadi macho yakakuuma. Kila mtu alimwita Kamanda. Nikauliza kwa nini, nikaambiwa kwa furaha kwamba zamani alikuwa kamanda wa mgambo pale, enzi za kuhamishia watu katika vijiji, kabla hajawa mfanyabiashara. Alitukaribisha chakula nyumbani kwake: ugali wa mtama, nyama ya mbuzi, maziwa ya mgando katika kibuyu, vitu ambavyo Nyakato tulikuwa tukiviota. Wasichana wa shoo walikula chumba cha nyuma, na kati yetu na wao lilining'inia pazia tu. Na pale, mdomo ukiwa na mafuta, Matiku akasimulia habari za chatu. Alisimulia vizuri kuliko wote niliowahi kuwasikia. Alijua rangi ya nyoka yule, alijua ndoo ilikuwa ya bati na ilitoboka wapi. "Mimi ndiye niliyemwokota," akasema, akijipiga kifua. "Mimi, kwa mikono hii, nilimbeba mpaka zahanati. Kama siyo mimi, leo mngekuwa hamna shoo." Wapigaji wakampigia makofi. Nami nikapiga, tena kwa nguvu, kwa kuwa hatimaye nilikuwa nimempata shahidi wa ndoo. Nyuma ya pazia sikusikia hata kijiko kikigonga sahani.

Baada ya chakula wanawake wazee walikuja na maziwa kwa ajili yake, kama desturi ilivyo. Nyangeta alitoka akawasalimia mmoja mmoja, akawaamkia kwa magoti, lakini maziwa hakuyapokea. Aliomba maji. Wakatazamana. Mmoja, mkongwe asiye na meno, alimshika mkono akawa haachii, machozi yakimtiririka, midomo ikichezacheza bila neno kutoka. Nikadhani ni furaha ya kumwona mtoto wa mvua. Jamani, nilikuwa na cheti cha shule ya jioni.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Matiku alikaa meza ya mbele peke yake. Gunia lilikuwa limelazwa mlangoni, kamba imefungwa kichwani mwake, wapigaji wawili wameshika, wanangoja. Masatu akatangaza, kwa sauti ile ya kuuza dawa ya minyoo, kwamba sasa mtaona alichotapika chatu. Na Nyangeta akaingia kwa mlango mwingine. Alivaa lile gauni la dhahabu, limebana upande wa kulia, na mfupa ule ulionekana kwa kila mwenye macho. Hakukimbia wala hakuinama. Alipita katikati ya watu akichechemea kama alivyochechemea siku zote, akafika kwenye gunia, akafungua kamba, akaizungusha mkononi, akaenda hadi meza ya mbele. Akaiweka kamba mezani mbele ya Matiku, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe. Kisha akachukua maikrofoni mkononi mwa Masatu, ambaye alikuwa amebaki mdomo wazi na ndevu zake nzuri. "Mimi ni Nyangeta, mtoto wa Wambura Nyamhanga," akasema. "Nyumba yetu ilikuwa pale kwenye ule mkonge. Wakubwa mnaijua." Akawageukia wapigaji akasema, "Pigeni."

Wakapiga. Sitajaribu kuongeza chumvi, maana haikuhitaji. Alicheza ule upande uliochelewa, akauchelewesha zaidi, akauacha watu wauone, na kila mfupa ulipojibu ngoma kulikuwa na kitu kama mlango unaofunguliwa ukumbini. Vijana walishangilia tangu mwanzo. Wazee walitazama sakafu, wengine kofia mikononi. Halafu yule bibi mkongwe akapiga kigelegele kimoja, kikali, kama anayemtambulisha mtoto aliyezaliwa, na wanawake wote wakamfuata. Matiku hakuigusa ile kamba. Aliitazama tu. Kabla wimbo haujafika nusu alinyanyuka akatoka kwa mlango wa jikoni, saa zake mbili zikimeremeta. Mimi nikamnong'oneza mpiga besi, kwa uhakika wote, "Umeona? Amemwogopa chatu."

Masatu hakumfukuza. Angemfukuzaje, wakati watu walikuwa wakilitaja jina lake njia nzima mpaka Butiama? Tangu siku ile aliitwa Nyangeta kwenye mabango, akawa mcheza shoo wa mbele kwa miaka mingi, akafundisha wasichana wa kutosha kujaza meli, na gunia lile nililikata foronya. Matiku naye aliendelea kutajirika. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alizikwa kwa heshima, na historia yake fupi, kama ninavyoambiwa, ilisema aliwahi kumwokoa mtoto. Na wakubwa waliotazama sakafu siku ile walirudi nyumbani wakaendelea kuwasimulia wajukuu zao habari za chatu, na wajukuu wakavaa suti wakazisoma kwenye maikrofoni. Hicho ndicho kinachonikaba. Angekuwa mtu mmoja mwongo ningemsamehe, mimi mwenyewe siyo malaika. Lakini hiki kilikuwa kijiji kizima kilichoona, na kikaona ni afadhali kusingizia nyoka.

Jumatatu asubuhi tulikuwa tumerudi Nyakato. Nyangeta alikuwa amelala chumba cha wasichana, mlango umefungwa. Alitoka uani, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, Mama Bhoke akatuwekea mihogo ya kuchemsha na chai, na siku hiyo chai ilikuwa na sukari. Mimi nilikuwa bado nimejaa furaha ya jana. Nikamwambia kwamba sasa nimeamini nguvu za chatu wake, maana mtu mkubwa kama Kamanda alikimbia kwa kuiona kamba tu. Akaweka kikombe chini.

"Kaka Majura, wewe ni mtu mzuri, lakini unaaminigi kila kitu," akasema, bila ukali. "Hakukuwa na chatu. Walikuja kutuhamisha. Baba na mama walikuwa shambani. Matiku akafunga kamba kwenye nguzo ya katikati, wakavuta, nyumba ikakaa chini. Ilikaa juu yangu. Walipoondoa majani wakaniona. Ni kweli alinibeba mpaka zahanati, hapo hakudanganya. Njiani alikuwa ananifundisha cha kusema. Na mama nikitaja nyumba alikuwa ananiziba mdomo, anasema sema chatu, mwanangu, sema chatu, watatuua. Mifupa ninayo yote. Mmoja ulivunjika ukaunga vibaya, ndio huo ulioupima."

Mama Bhoke alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Kichwa changu chote kilikuwa kimeshikwa na kitu kimoja tu, kile kilichonifanya niamini, na mdomo wangu, aibu yangu hii, ukakiuliza.

"Na ndoo?"

"Ndoo ipi?"

"Ile uliyokwenda nayo kuchota maji."

"Sikwenda kuchota maji," Nyangeta akasema. "Nilikuwa naumwa homa. Nilikuwa nimelala ndani."